Nani Alikuwapo?

Mwanafunzi msomaji, kuna swali fupi ambalo limeua hoja nyingi ndefu. Swali lenyewe ni hili: "Nani alikuwapo?" Ukisema mbele ya watu kwamba kimondo fulani kilichoanguka kutoka angani kina umri wa miaka milioni 4,560, huenda usiimalize sentensi yako kabla hujaulizwa. Swali hilo huulizwa barazani hapa Makadara watu wanapokunywa kahawa, huulizwa darasani, na mara nyingine huulizwa na mwalimu mwenyewe apendaye kuona darasa lake likicheka. Muulizaji hatazamii jibu. Atazamia kicheko, na akikipata hujiona ameshinda.

Mimi nasema hakushinda. Nasema zaidi ya hayo: swali hili, jinsi litumiwavyo, ni uvivu uliovaa joho la busara, na kijana alizoeaye hupoteza taratibu uwezo wa kupambanua jambo lililothibitishwa na jambo lililodaiwa tu. Lakini sitaki uniamini kwa sababu mimi ni mwalimu nawe ni mwanafunzi. Nataka unifuate hatua kwa hatua, na pale utakapoona nimeruka hatua, unisimamishe.

Kutoka Makadara hadi Fort Jesus ni mwendo mfupi wa miguu. Kila mtoto wa mji huu amefundishwa kwamba Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, na kwamba merikebu yao, Santo António de Tanná, ilizama mbele yake mwaka 1697 wakati ngome ilipokuwa imezingirwa. Sijapata kumsikia mtu akimsimamisha mtunza makumbusho ili amwulize nani alikuwapo. Kwa nini? Kwa sababu ziko hati zilizoandikwa, na kwa sababu kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi waliyachunguza mabaki ya merikebu hiyo chini ya maji wakatoa vyombo vyake. Dalili zilikutana, nasi tukaridhika. Kadhalika mahakamani, kila siku ya kazi, hakimu huhukumu jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Akingoja kuona mwenyewe, hapana mwizi atakayefungwa wala yatima atakayerudishiwa mali yake. Wazee wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mwenye kutaka kujua mvua sharti kwanza alowe.

Basi yule asemaye "Nani alikuwapo?" hatumii kipimo chake kwa haki. Hukitumia kwa jiwe, akakiweka mfukoni afikapo ngomeni na mahakamani.

Mpinzani mwerevu atajibu hivi: "Ngome ina hati, na kesi ina mashahidi wenye ndimi. Jiwe haliandiki wala halisemi." Hoja hii ina uzito, nayo yastahili jibu kamili. Jibu ni kwamba jiwe huweka hesabu, na hesabu hiyo yaweza kusomwa. Sikiliza namna yake.

Kuna kitu cha asili kiitwacho potasiamu. Kimo katika udongo, katika ndizi, katika maji ya dafu, na katika misuli yako wewe. Atomi zake nyingi zimetulia. Lakini moja katika kila 8,500 hivi ni ya aina nyingine, yenye uzito wa 40, nayo haikutulia: wakati wake ufikapo, pasipo kuguswa na mtu, hugeuka ikawa kitu kingine. Tabia hii huitwa unururifu. Katika kila atomi 100 zigeukazo, 89 hivi huwa kalisi, na 11 hivi huwa gesi iitwayo arigoni. Jambo hili haliko mbali nawe. Ndani ya mwili wa mtu mzima, atomi zaidi ya 4,000 za potasiamu hii hugeuka kila sekunde.

Arigoni ni ya ukoo mmoja na heli, neoni, kriptoni na zenoni. Wataalamu wa Ulaya waliziita gesi za kiungwana, na sisi watu wa pwani twaweza kuufahamu upesi mzaha uliomo katika jina hilo: ni gesi zisizopenda kuoana na wengine. Oksijeni huungana na chuma ikawa kutu, huungana na kuni ikawa moto. Arigoni hukaa peke yake. Kwa sababu hiyo, ikizaliwa ndani ya jiwe, haishikwi na kitu chochote isipokuwa kuta za fuwele ilimozaliwa. Jiwe likiyeyuka kwa moto, kuta huanguka na gesi hutoroka. Jiwe likipoa na kuganda, kuta hufungwa tena, na hesabu huanza upya kutoka sifuri.

Fikiri juu ya mtungi uliowekwa chini ya bomba linalodondoka. Ukijua matone mangapi huanguka kwa saa moja, na ukapima maji yaliyomo, utajua mtungi umekaa pale kwa muda gani, hata kama ulikuwa umelala tangu jioni. Lakini mwenye akili ataongeza masharti matatu. Mtungi uwe ulikuwa mtupu mwanzoni. Mtungi usiwe unavuja. Na matone yawe hayakubadili mwendo wake. Yashike masharti haya matatu moyoni, kwa maana mbele tutayahitaji.

Mwendo wa potasiamu umepimwa. Hapana haja ya kungoja miaka milioni ili kuupima. Wachukua potasiamu ya uzito unaojulikana na kuhesabu atomi ngapi zinageuka kwa sekunde, kama vile ambavyo huhitaji kungoja mtungi ujae ili ujue kasi ya matone. Nusu ya atomi hizo hugeuka katika miaka milioni 1,250. Joto la jua na uzito wa ardhi haviuharakishi wala haviucheleweshi mwendo huo. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Anza na atomi 100. Baada ya miaka milioni 1,250 zimesalia 50. Baada ya milioni 2,500 zimesalia 25. Baada ya milioni 3,750 zimesalia 12 na nusu. Ukiona jiwe ambalo kwa kila atomi 100 za mwanzo zimesalia 8 hivi, na nyingine zimeacha alama ya kugeuka kwake, jiwe hilo limefika karibu na miaka milioni 4,560. Hapo hapana uchawi. Pana kugawanya kwa mbili na pana uangalifu wa kupima.

Hata hivyo, mtu mwangalifu ataniuliza: je, saa hii imepata kujaribiwa mahali ambapo mtu alikuwapo kweli? Imejaribiwa. Mwaka 79 mlima wa Vesuvius huko Italia ulilipuka na kuifunika miji ya Kirumi. Kijana mmoja, Plinio Mdogo, aliuona mlipuko huo, na baadaye akaandika habari zake katika barua alizompelekea mwanahistoria Tacitus. Mwaka 1997 wataalamu wa Berkeley, Marekani, walitangaza matokeo ya kupima arigoni iliyofungwa katika fuwele zilizotapikwa na mlima ule. Jiwe lilisema: miaka 1,925, na huenda ikazidi au ikapungua kwa 94. Kalenda ilisema: miaka 1,918. Tofauti ni miaka 7. Hapo alikuwapo mtu, na mtu na jiwe walisema neno moja.

Sasa twende kwa vimondo wenyewe. Wala usidhani ni mawe ya nchi za mbali yasiyotuhusu. Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, mamia ya mawe yalianguka juu ya mji wa Mbale, Uganda, na vitongoji vyake. Jiwe moja dogo, uzito wake gramu 3 na kitu, liligonga majani ya mgomba likampiga mvulana kichwani, naye hakuumia. Tarehe 16 Julai 2011 mawe mengine yakaanguka katika mashamba karibu na Thika, hapa Kenya. Na huko Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, kimelala kimondo cha chuma chenye uzito wa tani 16 hivi, ambacho wenyeji walikijua kabla wataalamu wa kigeni hawajakiandika.

Mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani alipima risasi iliyozaliwa na urani ndani ya vimondo, akapata miaka milioni 4,550. Arigoni ya vimondo vya mawe vingi ambavyo havikupata kuungua tena husema karibu na hapo hapo. Angalia jambo hili kwa makini: potasiamu na urani ni vitu viwili mbalimbali, na kila kimoja hugeuka kwa mwendo wake. Ukiwa na saa mbili zilizotengenezwa na mafundi wawili wasiojuana, nazo zikaonyesha saa ile ile, utasema zote mbili zimekosea kwa kiasi kile kile kwa bahati tu?

Kisha mwaka 1960 John Reynolds wa Berkeley alikiona kitu cha ajabu zaidi. Ndani ya kimondo kiitwacho Richardton alikuta zenoni nyingi mno za uzito wa 129. Zenoni hiyo huzaliwa na namna moja ya iodini, ndugu wa ile iodini ya kupaka vidonda, lakini yenye uzito wa 129 na isiyotulia. Nusu yake hugeuka katika miaka milioni 16 hivi. Gawanya kwa mbili mara kumi, na katika miaka milioni 160 utasaliwa na sehemu moja tu katika 1,024. Iodini hiyo yenyewe imekwisha zamani ndani ya jiwe lile. Kilichosalia ni mtoto wake, zenoni, katika nyumba ya mzazi. Maana yake ni kwamba kimondo kile kiliganda mapema, wakati iodini ile ilipokuwa bado hai. Kwa njia hiyo twaweza kujua kimondo kipi kilitangulia kuganda na kipi kilifuata, katika zile siku za kwanza za jua letu na sayari zake.

Nisikufiche mipaka ya saa hizi, kwa maana mwalimu afichaye mipaka huandaa ushindi wa wenye dhihaka. Saa ya arigoni haisemi jiwe liliumbwa lini. Husema lilipoa lini mara ya mwisho. Vimondo vingi vya kundi lile ambamo mawe ya Mbale yamewekwa huonyesha miaka milioni 470 hivi kwa saa ya arigoni, kwa sababu wakati huo mwamba mama wao uligongana na mwamba mwingine angani, joto likapanda, na arigoni ya zamani ikatoroka. Tena si kila jiwe lina saa hii. Kimondo cha Mbozi ni chuma, na chuma hakina potasiamu ya kutosha. Wala usilipeleke jiwe la matumbawe lililo katika kuta za nyumba zetu za Mji wa Kale kwa mpimaji wa arigoni: halikupata kuyeyuka, bali lilijengwa na viumbe wa bahari, na hutafutiwa saa nyingine. Elimu ya kweli hujua inachokijua na pia inajua inaishia wapi.

Huenda mpinzani sasa ataacha silaha yake ya kwanza na kushika ya pili, ambayo ni kali zaidi. Atasema: "Wataalamu wenyewe hupingana. Leo husema hivi, kesho vile. Nani atawaamini?" Kwa jibu la hoja hii hatuna haja ya kwenda angani, maana jibu liko kwetu, katika Bonde la Ufa.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu katika bonde la Olduvai, Tanganyika ya siku hizo. Liliitwa Zinjanthropus, na Zinj ni jina la kale ambalo Waarabu waliipa pwani yetu hii. Louis Leakey alikadiria kwamba fuvu lile lina umri wa miaka 600,000 hivi. Ndipo majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja nalo yakapelekwa Berkeley, kwenye chuo kile kile alichofanyia kazi Reynolds, na yakapimwa kwa aina ya chombo alichokibuni yeye. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis walitoa jibu pamoja na Leakey: miaka milioni 1.75. Kadirio la mtu mwenye sifa lilizidiwa karibu mara tatu, na mwenye kadirio alilikubali jibu.

Kisha ikaja kesi ya Koobi Fora, mashariki mwa ziwa ambalo leo twaliita Turkana. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer, mwanajiolojia kijana, aliona zana za mawe katika tabaka la majivu, na tabaka hilo likaitwa KBS kutokana na jina lake. Wapimaji wa Uingereza, Frank Fitch na Jack Miller, walitumia namna mpya ya kupima arigoni, ambayo Craig Merrihue na Grenville Turner waliitangaza mwaka 1966 baada ya kuijaribu kwa vimondo. Sampuli ya kwanza ilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana mahali penye zana za watu. Walisafisha, wakapima tena, na mwaka 1970 wakatangaza miaka milioni 2.61. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya, aliona chini ya tabaka hilo vipande vya fuvu ambalo ulimwengu sasa walijua kwa namba yake, 1470. Kama tabaka lilikuwa na miaka milioni 2.61, basi fuvu lililokuwa chini yake lilikuwa kongwe zaidi, na sifa yake ikaenea duniani kote.

Na ni nani aliyekuja kuwasuta wataalamu? Ni nguruwe wa mwituni. Basil Cooke, mjuzi wa mifupa ya kale ya nguruwe na ngiri, alionyesha kwamba nguruwe wa Koobi Fora ni wale wale waliopatikana katika bonde la Omo, Ethiopia, katika matabaka ya miaka milioni 2 hivi. Mifupa ilisema neno moja, arigoni ikasema jingine. Mwaka 1975 Curtis na wenzake wakapima upya wakapata miaka milioni 1.82 na 1.60. Mabishano yakawa makali, na urafiki ukaingia nyufa. Mwisho wake Ian McDougall wa Canberra, Australia, alichagua fuwele safi, akapima mwaka 1980 akapata milioni 1.89, na mwaka 1981, kwa ile namna mpya, akapata milioni 1.88. Nguruwe alikuwa amesema kweli.

Kosa lilikuwa wapi? Rudi kwenye mtungi wetu. Maji ya mito yaliyoyahamisha majivu yale yalikuwa yameyachanganya na chembe za miamba ya kale. Mtungi haukuwa mtupu mwanzoni. Ulikuwa umetiwa maji ya jana. Sharti la kwanza lilivunjwa, na waliolivunja bila kujua walipata jibu lisilo sahihi. Lakini mwendo wa potasiamu haukukosea hata kidogo, na ni arigoni ile ile, katika fuwele safi, iliyotoa jibu la haki.

Basi yule asemaye "wao hupingana" amesema kweli, ila hakuifikisha mwisho. Na aimalize habari. Walipingana miaka kumi, kila mmoja akitoa namba zake hadharani ili mwenzake azipige, kisha wakaafikiana kwa sababu ushahidi ulimwelemea mmoja. Niambie ni baraza gani la mjini ambalo limepata kubishana namna hiyo! Sisi hubishana tukamaliza kwa mwenye sauti kubwa. Kubadili neno baada ya kupima si aibu. Aibu ni kushikilia neno lile lile baada ya vipimo kulikataa.

Hapa, msomaji, nakugeukia wewe, kwa maana sikukusudia kuwapiga wenye dhihaka peke yao. Yuko mwanafunzi ambaye hasemi "Nani alikuwapo?" Yeye huandika katika daftari lake: "Umri wa vimondo ni miaka milioni 4,560," akakariri, akapita mtihani, akapongezwa. Ukimwuliza namba hiyo ilihesabiwaje, hukutazama kama uliyemtukana. Mimi nasema mwanafunzi huyu na yule mwenye dhihaka ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja hukataa bila kuchunguza, mwingine hukubali bila kuchunguza. Wote wawili wameepa kazi. Tena huyu wa pili yu katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa amejizoeza kumeza. Leo amemeza namba ya kweli kwa sababu imeandikwa kitabuni. Kesho atameza uongo kwa sababu umeandikwa mahali pengine kwa herufi nzuri. Na sisi waalimu tuna sehemu yetu ya lawama kila tunapotoa alama kwa namba pasipo kuuliza njia yake.

Limebaki pingamizi la tatu, nalo husemwa na watu wazima kwa sauti ya huruma: "Mwanangu, hii ni elimu ya wageni, na arigoni haitakupa unga." Kuhusu unga, nakiri kwamba umri wa kimondo haujazi sufuria. Lakini chombo kipimacho uzito wa atomi ndicho hicho kitumikacho kuchunguza maji ya chini ya ardhi, yametoka wapi na yamekaa huko kwa muda gani, na hapana mtu wa Mombasa atakayesema kwamba habari za maji hazimhusu. Tena wazee wetu waliozijua nyota na pepo za kaskazi na kusi hawakuanza kwa kuuliza bei. Walitazama, wakaweka hesabu, na majahazi yakafika.

Kuhusu ugeni wa elimu hii, nauliza: ugeni uko wapi? Majivu ni ya Turkana na Olduvai. Mawe yaliwaangukia watu wa Mbale na Thika. Jicho lililoona fuvu la 1470 lilikuwa la Ngeneo. Lakini ni kweli, na kweli hii inanichoma, kwamba namba za tabaka la KBS zilisomwa Cambridge, Berkeley na Canberra. Sisi tulitoa mawe, wengine wakatoa miaka. Ukitaka kulia juu ya jambo hilo, lia. Lakini usiseme dawa yake ni kuidharau hesabu yenyewe. Mtu aliyenyimwa ufunguo wa nyumba yake haukatai ufunguo; huutafuta. Kila mara mtoto wa Makadara anapocheka na kusema "Nani alikuwapo?" huwaachia wengine kazi ya kumhesabia mawe yake, na baadaye hulalamika kwamba hesabu ni ya wageni.

Nami sikuombi uache kuuliza. Swali lenyewe si baya. Ubaya ni kulitumia kama kufuli. Mwenye kuuliza kwa nia ya kujua hufuatisha maswali mengine, na haya matatu yatakutosha mbele ya namba yoyote utakayopewa, iwe ya jiwe, ya gazeti au ya mgombea wa uchaguzi. Kwanza: ni kitu gani hasa kilichohesabiwa, na kwa mwendo gani? Pili: chombo kilikuwa kitupu mwanzoni, na je, hakikuvuja? Tatu: kuna shahidi mwingine, wa njia nyingine kabisa, anayesema neno lile lile? Kimondo kimeulizwa maswali haya kikajibu. Tabaka la KBS liliulizwa, likashindwa mara ya kwanza, likajibu mara ya pili.

Chukua karatasi leo jioni. Andika 100, ugawanye kwa mbili, ugawanye tena, mpaka ufike karibu na 8, na kando ya kila namba uandike miaka iliyopita. Ukimaliza utakuwa umeijua njia iliyowafikisha wataalamu kwenye namba yao. Kisha nenda barazani, na akuulizaye nani alikuwapo, usimcheke wala usimkasirikie. Mpe karatasi hiyo na kalamu, mkae pamoja, mhesabu.